Sindano ya Bibi Ilipita Dirishani

Nilianza kukosa usingizi pale nilipoanza kupona. Wakati kikohozi kilipokuwa kinanitikisa nililala vibaya, lakini nililala, kwa sababu mwili uliochoka hauombi ruhusa. Kisha sindano zikaanza kufanya kazi. Homa za jioni zikakatika, mashavu yakarudi, na ndipo nikawa najilaza macho wazi nikimsikiliza bibi yangu akikohoa upande wa pili wa ukuta wa udongo. Kilikuwa kikohozi kilekile changu. Nilikijua kinavyoanza, kinavyopanda na mahali kinapomwacha mtu akihema. Nikawa najiuliza: nitaponaje peke yangu katika nyumba hii? Na nikipona, nitakaa mzima kwa muda gani, wakati yeye anakohoa hatua mbili kutoka kichwani pangu na hataki kuchomwa sindano?

Ninaandika haya nikiwa mzima. Namwandikia yule aliyeambiwa juzi kwamba ana kifua kikuu na sasa anahesabu watu waliowahi kunywa naye chai. Zaidi namwandikia mwenye mzee nyumbani anayekohoa, na kila mtu anasema ni uzee tu. Habari za wadudu na mapafu nawaachia madaktari. Mimi najua mabenchi ya kusubiri, najua njaa ya mtu anayepona, na najua bibi yangu.

Jina langu ni Mwita. Kwetu ni upande wa Genkuru, wilaya ya Tarime. Nilikuwa mtu wa kwanza katika ukoo wetu kumaliza chuo kikuu, habari ambayo baba aliitangaza hadi kwenye mnada wa ng'ombe. Nilirudi nyumbani kusubiri kupangiwa kazi. Nilirudi na sanduku la vitabu, suruali mbili na kikohozi ambacho nilisema ni cha vumbi la safari. Niongeze kwamba mimi ni mtu ambaye akisalimiwa habari za asubuhi hujiuliza kwa nini hakuulizwa habari za jana. Kwa hiyo kikohozi kilipokataa kuondoka, nilikifikiria kwa kila upande isipokuwa upande wa kwenda hospitali.

Mama alisema vitabu vimenikausha damu. Majirani walisema nimerogwa na wanaoonea wivu elimu yangu. Nilizisikiliza hoja zote mbili na nikazipinga zote mbili vizuri sana, huku nikitoboa tundu jingine kwenye mkanda ili suruali isianguke. Shati nililolalia lililowa jasho kana kwamba nimenyeshewa. Siku moja wakati wa palizi ya mahindi, nikakohoa ndani ya leso na leso ikawa nyekundu. Baba alikuwa amesimama pembeni yangu na jembe. Aliliweka jembe chini katikati ya kazi, kitu ambacho sijawahi kumwona akifanya, akaenda kumwomba dereva wa lori la ushirika anipeleke Tarime.

Kule hospitali ya wilaya nilijifunza benchi. Mtu anayekaa benchi la kifua hujulikana, kwa sababu wengine huacha nafasi kati yao naye. Mwanzoni ile nafasi ilinichoma kuliko ugonjwa. Baadaye nikaizoea, nikawa naweka kofia yangu hapo. Jambo jingine niliona nikiwa pale, ingawa wakati huo sikujua kwamba linanihusu. Benchi lilijaa akina mama wenye watoto na vijana wenye vidonda vya jembe na panga. Wazee walikuwa wachache mno, na karibu wote walioletwa walikuwa wamebebwa. Hakuna mzee niliyemwona akiingia kwa miguu yake akasema anaumwa.

Nililazwa wodi ya pembeni, yenye madirisha ya waya. Asubuhi sindano, kisha vidonge vikubwa ambavyo viliacha ladha ya chuma mdomoni. Baada ya sindano midomo yangu ilikufa ganzi, nikazungumza kama mtu aliyeng'olewa jino, na nikisimama haraka ardhi iliyumba. Hayo yote hupita, ndugu. Usiyaogope kama nilivyoyaogopa mimi, niliyekuwa nachungulia midomo yangu kwenye kioo cha mgonjwa jirani nikitafuta kama imepinda.

Halafu njaa ikaja. Hakuna aliyenionya juu ya njaa ile. Nilikunywa uji wangu, nikanywa wa mgonjwa aliyekataa wake, nikaota ugali wa ulezi wenye mvuke. Mama alipokuja kunitazama na kibuyu cha maziwa ya mgando nilikimaliza mbele yake bila kukitua. Alilia. Alisema analia kwa sababu nimekosa adabu.

Kabla ya kuniruhusu, daktari aliniuliza, "Nyumbani kwenu nani mwingine anakohoa?"

Nilifikiri kidogo, ingawa jibu lilikuwa mdomoni. "Bibi yangu."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla sijaenda chuo. Lakini mwaka huu amekohoa zaidi. Je, nimemwambukiza mimi, au yeye ndiye aliyeniambukiza, au..."

"Swali hilo halina dawa," alinikata. "Kikohozi chake kina dawa. Mlete."

Baba alimleta bibi kwa lori lilelile. Alipimwa, akakutwa na ugonjwa uleule. Alilazwa wodi ya wanawake na hakutusumbua hata kidogo. Manesi wa kule walikuwa wageni, watu wa mbali ambao hakuwajua wala hawakumjua. Alichomwa sindano akiwatania kwa Kikurya ambacho hawakukielewa. Kikohozi kikalegea. Baada ya wiki chache, kwa kuwa vitanda vilihitajika, akaruhusiwa kama nilivyoruhusiwa mimi, kwa agizo kwamba sindano za kila siku ziendelee zahanati ya karibu. Tulishangilia. Zahanati ya karibu ilikuwa kijijini kwetu, unaiona ukiwa mlangoni. Hakuna hata mmoja wetu, siyo baba, siyo mama, siyo mimi na elimu yangu, aliyesimama kufikiri nani yuko ndani ya zahanati hiyo.

Ndani alikuwemo Marwa, mume wa shangazi yangu Ghati. Mkwe wa bibi.

Nieleze, kwa msomaji asiye wa kwetu. Sisi Wakurya tuna kitu tunachokiita ensoni. Ni aibu na heshima vikiwa kitu kimoja. Mama mkwe na mume wa binti yake hawakai chumba kimoja wala hawali pamoja. Wakikutana njiani, mmoja huingia porini mpaka mwingine apite. Zamani hili halikuwa shida. Kila ukoo ulikaa kwenye kilima chake, na mkwe alikaa mbali na kwa wazazi wa mkewe. Bibi alipoumwa magoti alikuwa akitembea saa nyingi hadi zahanati ya misheni ng'ambo ya vilima, peke yake, na kopo lake la ugoro. Kisha tukahamia kijiji cha ujamaa. Nyumba zikapangwa kwa mistari, tukafyatua matofali, tukajenga zahanati kwa mikono yetu, na serikali ikatuletea mganga. Mganga akawa Marwa. Kila kiongozi aliyetutembelea alisifu jinsi huduma ilivyosogea karibu na wananchi. Kwa bibi ilikuwa imesogea mpaka akashindwa kuifikia. Tangu siku Marwa alipofungua milango hakukanyaga pale, na sisi tulisema hapendi dawa za kizungu.

Asubuhi ya kwanza tulikwenda pamoja, mimi na yeye, kila mmoja na sindano yake ya siku hiyo. Tulipofika kwenye uzio wa minyaa, alisimama, akajifunika khanga kichwani na kugeuza mgongo.

"Nenda uchomwe," alisema. "Nakusubiri hapa."

"Na wewe, bibi?"

"Mimi nimeshachomwa sana Tarime. Matako yangu yamekuwa chekecheke."

Nilicheka. Nikaingia, nikachomwa, nikatoka. Alikuwa bado amesimama amegeuka vilevile, kama mtu anayesubiri mvua ipite. Hapo ndipo nilipoelewa. Sindano za kifua, mtu hachomwi mkononi. Mkwe amwone mama mkwe wake uso ni aibu. Hii nyingine haikuwa na jina hata kwa Kikurya.

Siku zikaenda. Vidonge alimeza, kwa sababu nilimletea. Sindano hakuna. Vuli ilianza, ukungu ukakaa mabondeni asubuhi, na kikohozi chake kikarudi na nguvu. Tuliambiwa wazi kule hospitali kwamba anayekatisha dawa huufundisha ugonjwa kuishinda dawa, na atakayerudi nao mara ya pili huenda asikute cha kumtibu. Watoto wa kaka yangu walikuwa wakilala naye. Mama aliwahamisha. Bibi alikaa mlangoni kutwa nzima akiwatazama wakicheza mbali naye, na hakumwuliza mtu kwa nini.

Familia ikaanza kuchanika. Baba hakuweza kuzungumzia mwili wa mama yake mbele ya watu, kwa hiyo alinyamaza, na alipobanwa alikwenda kutazama ng'ombe ambao walikuwa wameshatazamwa. Shangazi Ghati alikuja siku moja akakuta tumekaa kimya, naye akakichukua kimya chetu kama tusi.

"Semeni basi! Mnataka nimwache mume ili mama achomwe sindano?"

"Hakuna aliyesema hivyo, Ghati," baba alisema.

"Mnasema kwa macho! Watoto wangu wanne, niwafunge kamba nirudi nao hapa?"

"Shangazi, keti kwanza," nilisema.

"Wewe usiniambie niketi. Wewe umesoma. Tafuta njia au utuombee uhamisho wa mume wangu, lakini usiniambie niketi."

Uhamisho tuliufikiria. Marwa mwenyewe aliutaka, lakini zahanati ingebaki imefungwa mpaka apatikane mwingine, na lini hilo, nani alijua. Kumpeleka bibi Tarime kila siku haikuwezekana, lori lilipita likipenda. Kumpeleka kwa kaka yake kule Ringwani tulijaribu kwa mazungumzo tu, maana bibi alisema kaka yake ana wake wanaokoroma. Yule mama anayechemsha maji pale zahanati angeweza kufundishwa, nikamtaja. Baba akanitazama kama mgeni. Mume wa mama yule ni rika la baba, kwa hiyo mama yule kwa bibi ni mkamwana, sawa na mke wa mwanawe, na mkamwana naye kwa ensoni ileile haruhusiwi kuuona mwili wa mama mkwe. Nilipochora kichwani mwangu kijiji kizima, nikaona kwamba kila mwenye nguvu na macho ya kushika sindano alikuwa mtoto wa bibi kwa namna moja au nyingine.

Mwenyekiti wa kijiji alisikia. Alikuja na kofia yake mpya.

"Nitaleta mgambo wawili wambebe," alisema. "Hapa tunajenga taifa. Mambo ya kikabila tumeyaacha kule vilimani."

"Wambebe, mwenyekiti," nilijibu. "Wakishamfikisha, nani atamfungua khanga? Wewe?"

Kwa desturi mwenyekiti naye alimwita bibi mama. Alitazama viatu vyake. Alisema mvua inakuja, akaondoka, na mvua haikuja siku ile.

Bibi mwenyewe alikuwa na pendekezo lake. "Wankuru anichome," alisema. "Yeye ni rika langu, tumetahiriwa mwaka mmoja. Hana la kuniona ambalo hana."

"Bibi, Wankuru haoni. Juzi alisimama njiani akamsalimia mbuzi."

"Mbuzi yule ana adabu kuliko mwenyekiti wenu."

Nilicheka, naye akacheka, na kicheko kikamgeukia kikawa kikohozi. Aliinama mpaka paji la uso likagusa magoti. Alipoinuka alifuta mdomo kwa pindo la khanga, akalikunja pindo haraka. Nililiona. Lilikuwa jekundu kama leso yangu ya wakati wa palizi.

Sasa nifike pale jambo lilipogeukia. Siku chache baada ya hapo, jua likiwa kali, aliniita chini ya kivuli cha ghala la ulezi. Kidole chake cha mguu kilimwasha, kulikuwa na funza. Kumtoa bibi funza ilikuwa kazi yangu tangu nikiwa mdogo. Kwetu mjukuu na bibi hawana ensoni. Wanataniana, wanatukanana kwa mapenzi, mjukuu wa kiume huitwa mume na yeye humwita bibi mke wangu. Nilikaa kwenye ngozi ya ng'ombe, nikaweka mguu wake juu ya paja langu, nikaichoma pini moto nikaanza kuchokonoa taratibu.

"Toa na mfuko wake," alisema. "Usiuache mfuko ndani."

"Najua, mke wangu. Tulia."

"Nimetulia. Wewe ndiye unahema. Mikono yako ndiyo pekee haikwenda shule, ndiyo maana bado inafanya kazi."

Nilimtoa funza mzima. Nikabaki nimeshika pini, nikiitazama. Ilikuwa imeingia kwenye nyama ya bibi yangu, imetoka, na hakuna aliyeona haya. Maneno yalinitoka kabla sijayafikiria, jambo ambalo kwangu ni nadra.

"Bibi, na kama ningekuwa mimi ninayechoma ile sindano?"

Alifungua kopo la ugoro, akanusa upande mmoja, akanusa upande wa pili. Alitazama mlango wa nyumba yetu, kuona kama baba yuko karibu. Hakuwepo.

"Ungekuwa wewe," alisema, "ningekuwa nimeshapona nikakutafutia mke mwenzangu. Asiyesoma sana, ili apatikane mmoja wa kuwasha moto."

Basi hilo lilikuwa jibu lake, na lilipaswa kunitosha. Halikunitosha. Kwa siku kadhaa nilijipa sababu za kutofanya. Utani ni maneno, je, unafika hadi kwenye mwili? Mimi ni mgonjwa, mkono wangu utatulia? Kuna mshipa mkubwa unaoshuka mguuni, ukiuchoma mtu anaburura mguu maisha yake yote. Je, nikimlemaza? Je, hewa ikiingia? Na watu watasema nini juu ya kijana wa chuo kikuu anayemfungia bibi yake chumbani? Kila asubuhi nilikwenda kuchomwa sindano yangu, nikalala kifudifudi kwenye kitanda cha zahanati nikimhisi Marwa akipapasa mahali pa kuchoma, na kila asubuhi nikainuka bila kumwambia. Nikitoka nilimkuta bibi kwenye minyaa. Hilo nimesahau kulisema. Aliendelea kunisindikiza kila siku, mpaka kwenye uzio, akigeuza mgongo. Kila siku alichukua muda mrefu zaidi kufika.

Siku moja hakufika kwenye uzio. Aliketi katikati ya njia, akaniambia nitangulie, atanikuta. Sikuhitaji kufikiria hilo. Nilikwenda kwa Marwa nikiwa napumua kama nimekimbia.

"Daktari, nifundishe kuchoma sindano."

Hakuuliza ya nani. Aliendelea kupanga vifaa vyake kwenye sufuria, sindano zile za kioo. Alikuwa mtu mpole, na miezi ile ilikuwa imemkondesha karibu kama mimi.

"Unajua nimesikia kikohozi chake kila asubuhi," alisema hatimaye. "Kipo pale nje ya ukuta. Nimesomea dawa yake. Ninayo kwenye kabati lile. Na siwezi hata kutoka nje nimwambie pole."

"Inaruhusiwa, mimi kumchoma?"

"Wenye ugonjwa wa sukari huchomwa na wake zao nyumbani, na waume zao. Wewe si mume wake?"

Alianza kucheka, kisha akageukia ukuta ghafla, maana utani huo ulimhusu mama mkwe wake na hakustahili kuucheka. Aliongea akiwa bado ameutazama ukuta. "Kesho njoo na mapapai mabichi mawili. Moja utaliua."

Niliua matatu. Nilijifunza kuchemsha, kuchanganya, kutoa hewa, kugawa tako mara nne na kuchoma robo ya juu upande wa nje, mbali na mshipa ule niliouogopa. Marwa alinifundisha kwenye mwili wangu mwenyewe, akinionyesha kwa kidole kila aliponichoma. Dozi ya bibi ilikuwa ndogo kuliko yangu kwa sababu ya umri, ili dawa isimzibe masikio, na hiyo aliipima Marwa mwenyewe kila mara. Wagonjwa wa benchini walijua. Waliona mapapai. Hakuna aliyesema neno baya. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliniambia, "Baba, lile la kwanza ulilichoma kwa hasira," na benchi zima likacheka.

Niseme yaliyofuata, kisha nirudi nyuma. Sindano za bibi ziliendelea vuli yote iliyobaki, zikavuka kiangazi kifupi. Njaa ilimkamata kama ilivyonikamata, akawa anaamka na kudai ugali. Masika yalipoanza alikuwa amebakiza vidonge tu. Alirudi kwenye palizi ya ulezi, na watoto wa kaka yangu wakarudi kulala naye. Hospitali walimpima tena, wakasema makohozi ni safi. Masikio yanamvuma kidogo, au anasema hivyo akiitwa kwenda kuchota maji. Kazi yangu ilikuja, nikaondoka nikiwa na mwili wa kutosha suruali zangu zote mbili. Nimerudi likizo, naandika haya, na nikimaliza nitamtoa bibi funza.

Nimesikia pia kwamba dirisha la zahanati tulilopitishia sindano ya bibi halikufungwa. Mzee mmoja wa mstari wa pili wa nyumba, ambaye kidonda chake kilikuwa kinanuka kwa mwaka mzima, alikuja na mjukuu wake wa kike akaomba mjukuu afundishwe kumfunga bendeji. Wengine wakafuata. Ndugu yangu mwenye mzee nyumbani, mzee wako asipotaka kwenda zahanati, usianze kumweleza faida za dawa. Muulize nani yuko kule ndani, na mtu huyo ni nani kwake. Kisha tafuta mtu ambaye mzee hamwonei haya, umpe papai.

Lakini nilikuwa naelekea kwenye siku ile ya kwanza.

Ilikuwa asubuhi yenye mawingu. Nilimshika bibi mkono, na tulipofika kwenye minyaa alisimama kama kawaida. Nilimwambia, "Leo tunazunguka nyuma." Nyuma ya zahanati kulikuwa na chumba cha kuwekea magunia ya unga wa watoto, chenye mlango wake, na ukutani dirisha dogo linalofunguka kwenye chumba cha sindano. Tulikuwa tumetundika kipande cha shuka kwenye dirisha hilo. Bibi aliingia, akatazama magunia, akatazama shuka.

"Yuko huko?" aliuliza.

"Yuko. Amegeukia ukutani."

Upande wa pili Marwa alikohoa kidogo, kama mtu anayebisha hodi. "Mwita," alisema, "mwambie mama shikamoo."

"Bibi, anasema shikamoo."

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Mwambie mume wa Ghati marahaba. Mwambie watoto wake wana afya, niliwaona."

"Anasema marahaba, na..."

"Nimesikia," Marwa alisema.

Shuka ikasogea. Mkono wake ukatokea, mkono tu, umeshika bakuli la chuma lenye sindano na pamba yenye spiriti. Nililipokea. Mkono ukarudi. Bibi alikuwa ameshajiegemeza kwenye magunia, amefungua khanga upande mmoja, na nyama yake ilikuwa imekwisha kiasi kwamba nilitafuta mahali pa kuchoma kwa muda mrefu. Yale yote niliyoyawaza kwa wiki nzima yalirudi kwa pamoja, mshipa, hewa, mguu, watu. Yalijipanga kama benchi la asubuhi, kila moja likisubiri kuitwa.

"Mume wangu," bibi alisema akiwa amelala kwenye gunia, "unasali au unachoma?"

Nikagawa mara nne kwa kidole. Juu, upande wa nje. Nikapaka pamba. Nikachoma.

Hakushtuka. Nilisukuma taratibu kama nilivyofundishwa, nikachomoa, nikabana pamba, na ndipo nilipogundua kwamba mkono wangu haukuwa umetetemeka hata mara moja. Kisha sauti ya Marwa ikaja, chini sana.

"Imeingia?"

Nilifungua mdomo kujibu, lakini bibi aliniwahi. Alifunga khanga yake, akaketi wima juu ya gunia, akaelekeza uso kwangu huku akipaza sauti kuelekea dirishani.

"Mwambie imeingia," alisema. "Na mwambie kesho tutawahi."